Vifuu Kumi na Vitatu

Mwezi wa Februari, mwaka wa arubaini na saba, Chengo alishuka kwenye baiskeli yake katikati ya mwinuko wa Mkwajuni kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Hakuanguka. Alishuka mwenyewe, akaiegemeza kwenye mnazi, akainamia nyororo kana kwamba nyororo ndiyo iliyomshusha. Ilikuwa nzima, imetiwa mafuta jana yake. Kilichomshusha ni moyo, uliokuwa ukienda mbio, ukasita, kisha ukaruka kama mtu aliyekosea ngazi. Na pumzi, iliyokuwa ikiingia nusu na kutoka nusu.

Umri wake ulikuwa miaka hamsini na minane, kwa makisio ya wamisheni waliombatiza. Baiskeli ilikuwa na miaka kumi na sita. Aliinunua mwaka lilipofunguliwa daraja la Nyali, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuijua siku aliyozaliwa, tarehe ya baiskeli ndiyo aliyoitumia kupimia mambo mengine. Kila siku isipokuwa Jumapili aliondoka kwake Mtopanga kabla jua halijawa kali, na madebe mawili ya tembo kwenye keria, tembo la mnazi lililogemwa na jirani yake Kazungu. Alipita Kisauni, akateremka mpaka karibu na daraja, akarudi na madebe matupu. Njiani alikuwa na wateja kumi na watatu: mangwe nne, yaani nyumba ambazo watu hukaa kwenye mabenchi wakanywa, na nyumba tisa za wazee waliotaka chupa mbili tatu tu. Kila alipofika alishusha, akaonja, akamimina, akaamkia na kuaga, akaenda zake. Wakati wa vita, tairi zilipokosekana, alijaza usumba wa nazi ndani ya zile kuukuu na hakukosa hata siku moja.

Siku ile ya Mkwajuni alipumzika kwa muda wa mtu kuvuta sigara, ingawa yeye havuti, kisha akaisukuma baiskeli mpaka juu. Wiki iliyofuata alishuka mara nne. Wiki ya tatu alishuka kila siku.

Watu wa njiani walianza kumjua kwa pumzi. Kwa Nyevu, mwenye mangwe kubwa kuliko zote Kisauni, alikuwapo mzee mmoja aitwaye Ruwa, aliyekuwa kuli bandarini zamani na ambaye sasa kazi yake ilikuwa benchi. Ruwa alimsikia Chengo kabla hajamwona. "Gari la moshi limewasili," alisema. "Ondoeni miguu relini." Wazee wakacheka, na Chengo akacheka nao mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha hakuna aliyekuwa akicheka.

Kikohozi ndicho kilichomtisha. Kaka yake mkubwa alikufa kwa kifua kikuu, na Chengo alikuwa ameuona ugonjwa ule hatua kwa hatua: kwanza pumzi, kisha kikohozi, kisha nguo kumpwaya. Mkewe, Kahaso, naye aliuona. Alianza kutenga bakuli la mumewe, na Chengo alipoligundua lile bakuli halilali na mengine, hakuuliza. Kesho yake, akiwa njiani kurudi na madebe matupu, alikata kona akaingia zahanati.

Dresa wa pale, yaani mganga msaidizi, alikuwa Erastus Kioko, mtu wa Machakos, wa miaka thelathini na kitu, aliyesema Kiswahili cha kunyooka na kukifupisha kama anayelipia kila neno. Alimpa Chengo chupa ndogo, akamwambia alete kohozi la asubuhi siku tatu mfululizo. Chengo alileta. Chupa zilipelekwa kisiwani Mombasa, na baada ya siku tisa jibu likaja kwamba hakuna kitu.

"Kohozi lako ni safi, mzee," Erastus alisema. "Kifua kikuu huna."

Chengo alimpelekea mkewe habari ile. Kahaso aliisikiliza yote, akaenda kulitoa bakuli kule alikolitenga na kulitia miongoni mwa mengine. Kwa muda wa wiki moja nyumba ile ilikuwa na raha. Kisha Chengo akaona kuwa ukanda wa ndara zake, zile za mpira wa tairi, unamwachia mfereji mguuni, na kwamba mfereji ule haujai mpaka asubuhi. Usiku hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, mito miwili ya sufi mgongoni.

Safari hii Erastus alimkalisha kitako, akaukandamiza muundi wa mguu wake kwa kidole gumba, akahesabu mpaka kumi, akakiondoa. Shimo likabaki. Wote wawili walilitazama jinsi lilivyokawia kujaa. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia kuwa kifua hakina wadudu ila kina maji, na maji hayo ni ya moyo unaoshindwa kusukuma. Kisha akachukua kadi akaanza kuuliza, akiandika kila jibu. Sigara? Hapana. Ugoro? Ameacha. Homa za viungo utotoni? Hakumbuki.

"Tembo?"

"Sinywi. Tangu nibatizwe, mwaka wa ishirini na tisa."

"Hata kidogo?"

"Muulize mchungaji."

Erastus hakuwa na haja ya kuuliza. Yeye mwenyewe alisali kanisa lile lile, benchi la pili nyuma ya Chengo, na alijua kama wajuavyo wote kuwa mzee huyu hubeba tembo ila hanywi. Mchungaji alikwisha kumsema kwa kulibeba, lakini kwa kulinywa hakuwahi kupata la kusema. Dresa akaandika kadini: Hanywi.

Alimpeleka hospitali ya kisiwani kwa barua. Huko walimpiga picha ya kifua, daktari akaiinua dirishani na kumwonyesha moyo wake, ambao ulikuwa umetanuka kupita kiasi chake kama mfuko uliotiwa vitu vingi mno. Alipewa vidonge vya kuutuliza na vingine vya kutoa maji. Daktari alisoma kadi, akaona mtu asiyevuta, asiyekunywa, wa karibu miaka sitini, anayeendesha baiskeli maili kumi kwa siku na mzigo wa ratili themanini. Hakuona haja ya kutafuta zaidi. Aliandika kuwa kazi ndiyo iliyoumaliza moyo, na mgonjwa aache baiskeli.

Erastus alimsomea maneno hayo zahanati. Chengo aliuliza kama hayo ni maoni au ni amri. Erastus akasema ni maoni ya mtu aliyeuona moyo wako, na wewe hujauona ila kwenye picha. Chengo akaomba muda wa mwezi mmoja. Hakutoa sababu, maana sababu yake haikuwa ya kuelezeka kwa dresa. Mtopanga mtu aliyechoka hukaa mlangoni, watu humpitia wakamwamkia, na kila mwaka kiti chake husogezwa ndani kidogo. Alikuwa amewaona watu wa namna hiyo. Alipokuwa juu ya baiskeli hakuwa mmoja wao.

Akala vidonge vyake kwa saa zake, wiki tatu, na akaendelea kupeleka tembo. Hakupona. Mkwajuni alikuwa akishuka mara mbili sasa. Mwarandu, shemeji yake, ndugu wa Kahaso, alikuja jioni moja, akaizunguka baiskeli, akazibonyeza tairi kwa kidole kama mtu anayekagua mbuzi, akauliza kama breki ya nyuma inashika. Hakusema kuwa ameitwa na dada yake. Chengo akajibu kuwa inashika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Zikiwa zimebaki siku chache mwezi utimie, mama yake Kazungu akafariki. Alikuwa bikizee mwenye wajukuu wengi na matanga yake yalikuwa makubwa. Kwa desturi, tembo lote la mgema aliyefiwa hubaki matangani. Hata kibuyu kimoja hakiendi kuuzwa mpaka watu watawanyike. Walikaa siku kumi na moja. Chengo alikwenda kuzika, akatoa pole, akakaa na wenzake wa kanisani upande wa chai. Tangu kesho yake, kwa kuwa hakuwa na tembo la kubeba na hakuweza kukaa mlangoni, alichukua nazi za shamba la Kazungu, zilizokwisha kufuliwa, akazitia kwenye magunia mawili na kuzipeleka sokoni Kongowea. Nazi mia kwa safari. Mzigo ule ulikuwa ratili mia na thelathini, na keria ililia.

Siku ya nne alitambua kuwa amelala chali. Siku ya saba ukanda wa ndara haukuacha alama. Siku ya kumi alipanda Mkwajuni na nazi zake, akashuka mara moja, karibu na juu kabisa, na alipoweka mkono kifuani moyo ulikuwa unapiga upesi lakini kwa mpango.

Alimwendea Erastus si kwa furaha bali kwa mashaka, kwa kuwa jambo lisilo na sababu hakuliamini. Erastus akamkandamiza muundi. Hapakuwa na shimo. Akamsikiliza kifua, akamwuliza kama amekula vidonge zaidi ya alivyopewa.

"Vile vile."

"Na baiskeli umeacha?"

"Nimebeba nazi. Mzigo umezidi ratili hamsini."

Erastus alichukua tena ile kadi. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii ilikuwa ikimkataa. Dawa ni zile zile, njia ni ile ile, mzigo umeongezeka, na mgonjwa amepata nafuu. Basi lazima kuna kitu kimepungua, akasema, na kama si dawa wala njia wala mzigo, nieleze siku yako ya tembo tangu unapofungua mlango, usiruke kitu hata kama unakiona hakina maana.

Chengo akaeleza. Alipofika kwa mteja wa kwanza alisema: nashusha debe, nachota kifuu kimoja cha nazi, naonja, kisha namimina.

"Unaonja kiasi gani?"

"Kifuu."

"Kifuu chote?"

Chengo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huvua kofia akiingia kanisani. Akamweleza, kwa kuwa dresa ni mtu wa bara na hakukulia huku, kwamba anayeleta tembo hulinywa kwanza mbele ya anayelipokea, mpaka tone la mwisho, akakipindua kifuu ili kila mtu aone kuwa kimekauka. Ndivyo watu wanavyojua kuwa halikutiwa kitu njiani. Kuacha nusu ni tusi, tena ni tuhuma. Lakini hilo si kunywa. Kunywa ni kukaa benchini. Yeye tangu abatizwe hajakaa benchini hata siku moja.

"Na kwa wote kumi na watatu?"

"Kila mtu na mlango wake. Wa pili hakuniona nikinywa kwa wa kwanza."

Erastus akamwuliza kama kifuu anacho. Kilikuwa kwenye mfuko wa kiti, kimefungwa kitambaa, cheusi kwa kutumika. Erastus akakijaza maji, akayamimina taratibu kwenye gilasi ya kupimia dawa, akainama kusoma. Aunsi saba. Akaandika saba, akazidisha kwa kumi na tatu, akaandika tisini na moja, akagawanya.

"Painti nne na nusu, na kidogo juu yake," alisema. "Kila siku. Miaka kumi na sita."

Chengo aliiangalia ile gilasi. Aliomba ipimwe tena, na Erastus akaipima tena. Ilikuwa saba.

Hakuna aliyekuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomchukua Chengo muda kulimeza. Hakuwahi kupepesuka, maana tembo lilimwingia kidogo kidogo kwa saa sita na jasho. Hakuwahi kulitamani, na Jumapili hakulikumbuka. Lakini moyo, alivyoeleza dresa, hauulizi kama umekaa benchini au umesimama mlangoni. Wapo watu ambao tembo la miaka mingi huulegeza moyo wao, na wakiliacha mapema baadhi yao hurudi katika afya. Wakiendelea hawarudi. Baiskeli, akasema Erastus, pengine ndiyo iliyokuwa ikikushika mkono. Kisha akasahihisha: hilo silijui, ninalojua ni hii hesabu.

Matanga yalipokwisha, Chengo alipakia madebe yake kama kawaida. Alikuwa amepanga kila kitu. Atasema kweli, na watu waliomjua miaka kumi na sita watamwamini.

Kwa Nyevu, mteja wake wa kwanza njiani, walikuwapo watu kumi na wawili, wakiwa na kiu ya siku kumi na moja. Chengo alishusha debe, akamnyoshea Nyevu kata ya kuchotea, akasema kwamba daktari amemkataza kuonja kwa sababu ya moyo, na kwamba tembo ni la Kazungu, ni lile lile.

Nyevu alikuwa wa mbari moja na Kahaso, na alimpenda Chengo. Hakuishika kata.

"Shemeji, mimi nakuamini," alisema. "Lakini tembo limetoka matangani, na mwenye kulileta halinywi. Leo tumbo likimkata mmoja wa hawa, hata kwa muhogo aliokula kwake, mimi nitasema nini?"

Chengo akasema ataonja kwa ncha ya ulimi. Nyevu akatikisa kichwa. Ruwa, ambaye kila siku alikuwa na mzaha, alikuwa ameweka kifuu chake chini, na wenzake walimfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alitazama paa. Chengo aliona kuwa jambo lile halina mlango wa kutokea. Kama angekunywa, angewapa haki yao na kujinyima moyo. Kama asingekunywa, angekuwa mtu anayebeba kitu ambacho mwenyewe anakiogopa. Na wao walikuwa na haki. Kwa miaka kumi na sita yeye mwenyewe angelimkataa mchukuzi wa namna hiyo.

Alifunga debe, akalipakia, akageuka kurudi Mtopanga. Kwa wateja kumi na wawili waliobaki hakupita. Alikwenda mpaka kwa Kazungu, akamrudishia tembo lake lote, akamwambia kuwa kuanzia kesho atachukua nazi tu. Kazungu aliuliza wateja wake watafanyaje. Chengo alikwisha kulifikiria hilo njiani, akisukuma.

Jioni alimwita Mwarandu. Shemeji alikuja akaenda moja kwa moja penye baiskeli. Chengo akamwambia hiyo haiuzwi, lakini njia ya tembo iko wazi, wateja kumi na watatu, kama ana bega la kuweka mzega wa madebe mawili. Mwarandu alikuwa mnywaji asiyejificha, na aliposikia kuna vifuu kumi na vitatu vya halali kila siku aliona ameletewa posa. Chengo akamweleza ile hesabu: aunsi saba, tisini na moja, painti nne na nusu. Akamwambia na habari ya shimo la muundini. Mwarandu akacheka, akamwambia kuwa mpaka afikie hapo atakuwa amekwisha kuzeeka.

"Na mimi nilikuwa na umri wako," Chengo alisema. Alikuwa ametoa hesabu. Kuikubali si kazi yake.

Kwa mchungaji Chengo alikwenda mwenyewe, kabla habari hazijamfika kwa mdomo mwingine. Aliwekwa nje ya meza ya Bwana miezi mitatu, na hakubisha, kwa kuwa painti zilikuwa wazi. Kwa Erastus alirudi Juni. Moyo ulisikika vizuri zaidi, si kama wa kijana na hautakuwa, na vidonge vya maji vilipunguzwa. Alipokuwa akitoka alisimama mlangoni.

"Ile kadi yangu. Pale palipoandikwa sinywi, pafute. Andika ilivyokuwa."

Erastus akachukua kalamu, akapiga mstari, akaandika: Alikunywa painti nne na nusu kwa siku, miaka kumi na sita. Ameacha mwezi wa Aprili. Akamsomea. Chengo akasema sawa.

Kwa ajili ya mwinuko wa Mkwajuni alipunguza nazi zikawa sabini, na hatua za mwisho kabla ya kileleni aliisukuma baiskeli kwa miguu kila siku, bila kujifanya anaangalia nyororo. Siku moja ya Julai, akitoka sokoni na magunia matupu, jua kali, alimkuta Nyevu amesimama nje ya mangwe, naye Nyevu akamkaribisha. Hakuwa ameingia pale tangu Aprili. Ruwa alisogea akampa nafasi benchini, akasema gari la moshi siku hizi limekuwa kimya, mtu anaweza kugongwa bila habari. Chengo akaketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi pale.

Nyevu alichota tembo, akalinywa kifuu kizima mbele yake, akakipindua, akachota kingine na kumnyoshea, maana sasa yeye ndiye mwenye kutoa na Chengo ndiye mgeni.

"Ahsante, shemeji," Chengo alisema. "Sinywi. Nipe maji."

Nyevu akaenda ndani kwenye mtungi, akarudi na kifuu kingine kimejaa. Akakinywa chote, taratibu, akakipindua ili aone kuwa kimekauka. Kisha akakijaza tena, akampa kwa mikono miwili. Chengo akanywa mpaka tone la mwisho, akakipindua naye, akaaga, akapanda baiskeli yake akaondoka.